Mume Akitaka Kuacha Ofisi Awe Fundi wa Mabomba: Je, Mke Ana Haki ya Kukataa?



Swali tunalolishika leo si geni katika nyumba zetu, ingawa mara nyingi huzungumzwa usiku, kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala. Mwanamume aliyepita umri wa miaka 40, mwenye kazi ya ofisi na mshahara wa kila mwezi, anataka kuiacha kazi hiyo ajiajiri kwa kazi ya mikono. Je, ana ruhusa ya kufanya hivyo? Na mkewe akisema hapana, neno lake lina uzito gani mbele ya ahadi waliyowekeana siku ya harusi?

Ili tusizungumze hewani, tuwafikirie wenzi wawili wa hapa Eldoret. Si watu fulani wanaojulikana, nimewaunda kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini nadhani mtawatambua. Mume ana miaka 43, na kwa miaka 17 amekuwa karani wa hesabu katika ofisi moja mjini. Mke anashona nguo katika kibanda chake karibu na soko. Wana watoto watatu, na mkubwa yuko sekondari. Wamepanga nyumba Langas. Jumapili husali pamoja, na mume ni mweka hazina wa Jumuiya Ndogo Ndogo yao.

Siku moja mke anatafuta kalamu katika mkoba wa mumewe, na mkono wake unagusa chuma. Ni spana kubwa ya mabomba, imefungwa ndani ya gazeti. Kwa miezi minane mume amekuwa akimwambia kwamba Jumamosi ana kazi ya ziada ofisini, na mke alikuwa ameanza kushuku jambo ambalo akina mama wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa. Kumbe kila Jumamosi mume alikuwa akimfuata fundi kijana wa miaka 26, akijifunza kukata na kuunganisha mabomba katika nyumba zinazojengwa upande wa Kapsoya. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Imebaki kutiwa tarehe.

"Baba Watoto," mke anasema, "kama ungekuwa na mwanamke mwingine ningejua la kusema. Hili sijui hata pa kulianzia."

Tumsaidie kupata pa kuanzia.

HAKUOTA NDOTO YA MCHANA

Kwanza tumtendee mume haki. Mji wetu, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, unajengwa kila upande. Tunakaa mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa Julai hata kijana mwenye nguvu huyaogopa maji ya baridi. Ndiyo maana paa nyingi za nyumba mpya zimebeba hita za sola, na hosteli za wanafunzi, zahanati na nyumba za wageni zote zinataka maji moto. Maji hayo hayajipeleki bafuni yenyewe. Anahitajika mtu ajuaye kwamba tangi lisipoinuliwa vya kutosha maji hayatakuwa na nguvu, kwamba bomba la maji baridi halifai kila mahali penye maji moto, na kwamba viungo hupimwa kwa presha kabla ukuta haujapigwa plasta. Kosa la karani husahihishwa kwa kalamu. Kosa la fundi wa mabomba huenda likagunduliwa mwaka unaofuata, rangi ikianza kuvimba ukutani na mpangaji wa chini akipanda ngazi kulalamika. Kazi ya namna hii inataka akili na dhamiri, wala si ya mtu aliyeshindwa na maisha.

Tena, ajira si mwamba. Wazee wa mji huu wanakikumbuka kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa miaka ya 1970 na kulisha nyumba nyingi. Kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, na ilikuwa mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kiliponunua mali yake. Baba aliyekuwa na kadi ya kiwanda mfukoni hakuulizwa kama yuko tayari kubadili kazi. Alibadilishiwa.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1993 serikali ilianza mpango wa watumishi wake kustaafu mapema kwa hiari. Wapo waliopokea malipo yao kwa mkupuo, wakaingia katika biashara wasizozijua, na pesa zikaisha kabla ya kuijua biashara. Kwa hiyo mji wenyewe unatufundisha mambo mawili: mshahara si wa milele, na anayeuacha bila kujiandaa huwalipisha watoto wake.

HOFU NA AIBU

Usiku ule mke alisema mengi, lakini yakichujwa yanabaki maneno mawili. La kwanza: "Karo itatoka wapi?" La pili: "Nitawaambia nini watu wa Jumuiya, kwamba mweka hazina wao siku hizi anazibua vyoo?"

Maneno haya hutoka kinywani kwa pumzi moja, hata msemaji mwenyewe hayatenganishi. Lakini mbele ya dhamiri ni vitu viwili tofauti. La kwanza ni hofu, nayo ni hofu ya haki. Mama anayeuliza karo itatoka wapi hapungukiwi na imani, anatimiza wajibu wake. Mume anayemjibu "Mungu atatoa" na kuishia hapo anamtumia Mungu kama kifuniko cha sufuria asichotaka kifunuliwe.

La pili ni aibu. Hofu hujibiwa kwa hesabu. Aibu haijibiwi kwa hesabu, maana hata mume akileta nyumbani mara mbili ya mshahara wa zamani, itabaki pale pale. Mke anayetaka kujua ni ipi inayomsumbua ajiulize hivi: "Kama mume wangu angepewa mshahara ule ule, tarehe ile ile, bila kukosa hata mwezi mmoja, kwa kazi ya mabomba na vyoo, je, ningekubali?" Ikiwa jibu ni ndiyo, basi ana hofu, na mume anadaiwa majibu. Ikiwa jibu bado ni hapana, ajue kwamba anailinda tai ya mumewe kuliko karo ya watoto.

Aibu hii hatukuitunga sisi. Wazee wetu walituachisha jembe ili tushike kalamu, na kwa wakati wao walikuwa na sababu. Ni ya kale hata kuliko wao. Watu wa Nazareti walipotaka kumshusha Yesu hadhi, walitaja ufundi wa nyumbani kwao: huyu si yule seremala tunayemjua? Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tunaiadhimisha, tunaimba, halafu tunarudi nyumbani kumshauri binti yetu asiolewe na fundi.

MUME NAYE ASITABASAMU

Mume akisoma hapo juu asidhani ameshinda kesi. Yeye pia ana mambo mawili yaliyochanganyika moyoni. Moja ni upendo wa kazi. Anapenda kuona bomba lililokuwa kavu likitoa maji, na mwenye nyumba akifungua mfereji kwa furaha. La pili ni kukimbia. Ofisini ana msimamizi aliyemzidi cheo na si umri, aliyewahi kumfokea mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo kila asubuhi huingia mlangoni pale kama anayeingia kwenye baridi.

Naye ajiulize: "Kama msimamizi huyu angehamishwa kesho, je, bado ningetaka kuondoka?" Kwa maana anayekimbia mkubwa mmoja kwa kujiajiri atakuta wakubwa 30, na kila mmoja ana simu. Mwenye nyumba atamwita saa tatu za usiku. Mwingine atamwambia arudi Ijumaa kuchukua malipo, na Ijumaa simu yake itakuwa imezimwa. Aliyeondoka kwa hasira tu atachoka upesi. Aliyeondoka kwa kuipenda kazi atanung'unika, lakini ataamka.

Katika jambo hili tumpe mume wetu sifa moja. Kwa miezi minane amekubali kuambiwa "Mzee, shika hapa" na kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Mwenye kiburi hangeweza.

Lakini kwa nini alificha? Atasema alitaka kuwa na uhakika kwanza. Atasema hakutaka kumtia mkewe wasiwasi. Nadhani sababu ya ndani zaidi imo katika lile gazeti. Aliifunga spana ndani ya gazeti kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaona haya. Aibu aliyomlaumu mkewe kuwa nayo, alikuwa nayo yeye kwanza, naye akailinda kwa uongo wa Jumamosi 30 na zaidi. Kabla ya kuzungumza habari za pesa, mume huyu anadaiwa kuomba msamaha. Asiombe kwa kuwa anapenda mabomba. Aombe kwa kuwa alimwacha mkewe alale na shaka miezi minane, ilhali neno moja lingemwondolea.

MSHAHARA NI WA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini. Wapo watakaosema kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba, aamue, na mke afuate. Wapo watakaosema kwamba mshahara ni wa familia, hivyo mke akikataa shauri limekwisha. Naona majibu yote mawili yamepungukiwa.

Jibu la kwanza linasahau jinsi kazi ile ilivyopatikana. Mwaka ule mume alipokuwa akisomea cheti cha uhasibu jioni, cherehani ya mke ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mtoto wa pili alipougua, mke ndiye aliyefunga kibanda ili mume asikose kazini. Nafasi ile ya ofisini ina jina la mtu mmoja mlangoni, lakini imejengwa na watu wawili. Hawezi kuivua peke yake kama anavyovua koti.

Jibu la pili linasahau kwamba mume si mashine ya kutoa noti. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba hadhi ya kazi hutokana na kuwa anayeifanya ni mtu, kabla hatujauliza ni kazi ya namna gani. Waraka huo huo unasema pia kwamba kazi ni msingi wa maisha ya familia. Mafundisho haya mawili yashikwe pamoja. Mke akishika moja tu atamfanya mume mtumwa wa tarehe 28. Mume akishika moja tu atawafanya watoto walipie utulivu wa moyo wake.

Siku ya harusi hakuna aliyeahidi mshahara. Mliahidiana uaminifu, katika raha na katika taabu. Kwa hiyo mke hawezi kusema, "Niliolewa na karani, nawe si karani tena." Na mume hawezi kusema, "Uliahidi taabu, basi ipokee hii niliyoichagua mimi." Taabu inayotujia tumeahidi kuibeba pamoja. Taabu tunayoileta wenyewe lazima kwanza tuiamue pamoja.

ANAYEKATAA ATAJE SHARTI, ANAYEOMBA ATOE MUDA

Je, wasipoafikiana? Napendekeza kanuni hii: anayekataa ana wajibu wa kutaja sharti, na anayeomba ana wajibu wa kutoa muda. Mke asiseme "hapana" tupu. Aseme ni kitu gani kikitimia ataweza kukubali. Mume naye asiseme "mwezi ujao." Akubali kungoja mpaka masharti ya haki yatimie. Tuseme wetu hawa wanapeana miezi 18. Masharti ya haki ni yapi?

Kwanza, mkopo wa Sacco. Wenzake watatu ofisini walimdhamini, na malipo hukatwa katika mshahara. Mshahara ukikoma na mkopo usilipwe, watakaofuatwa ni wadhamini, nao wana watoto wao. Mke akikubali na wadhamini wakaachwa kwenye mataa, bado ni dhuluma. Mkopo huo ulipwe, au wadhamini waelezwe mapema na mpango mwingine ufanywe, kabla barua haijatiwa tarehe.

Pili, akiba. Hesabuni matumizi ya nyumba kwa mwezi, kodi, chakula, karo na nauli, kisha wekeni akiba ya miezi sita hivi. Pesa za Jumamosi, ambazo sasa hazifichwi tena, zisiliwe. Ziwe ndizo mbegu za akiba hiyo. Zikishindikana kuwekwa akiba mume akiwa na mshahara, zitawekwaje akiwa hana?

Tatu, yale yaliyokuwa yakikatwa kimya kimya. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na mwajiri huipeleka. Aliyejiajiri lazima ajisajili, mapato ya nyumba yake yakadiriwe, na alipe mwenyewe. Vivyo hivyo na akiba ya uzeeni. Mtumishi wa serikali aulize kwa maandishi malipo yake yatakuwaje akiondoka kabla ya miaka 50, umri ambao sheria ya pensheni humruhusu kustaafu mapema. Makato tuliyokuwa tukiyalalamikia yalikuwa yakitukumbukia mengi.

Nne, ufundi wenyewe uwe na cheti. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kwa ngazi, ya tatu kisha ya pili na ya kwanza. Kujifunza kwa kijana wa Kapsoya ni kuzuri, lakini mwenye jengo kubwa atataka kuona karatasi, na mke pia ana haki ya kuona kwamba mumewe amepimwa na mtu mwingine zaidi ya shauku yake.

Masharti yakitimia, mke asilete jipya lililotoka katika mfuko wa aibu. Hapo neno lake halitakuwa tena ulinzi wa watoto.

Niseme pia lililo gumu. Zipo nyumba ambazo jibu la haki ni kubaki ofisini. Ikiwa kuna mtoto anayetibiwa kila mwezi kwa bima ya mwajiri, au mzazi mzee anayetegemea mshahara huo huo, mume anaweza kulazimika kungoja miaka, au kuifanya kazi ya mabomba Jumamosi tu mpaka astaafu. Anayebaki kwa sababu hiyo hakushindwa. Kila asubuhi anapofunga tai ile asiyoipenda anatimiza ahadi ya harusi, na mkewe afanye vizuri kumwambia kwamba anaona.

Na nikisema mume, nisieleweke vibaya. Mke mwuguzi anayetaka kufuga kuku, au mwalimu anayetaka kufungua duka la mikate, asomewe kanuni hiyo hiyo.

WAKISHAKUBALIANA

Tuseme miezi 18 imepita na barua imepelekwa. Kazi haijaisha, imebadilika tu. Mwenye duka la vifaa atamwahidi fundi kamisheni kama atamshauri mteja anunue mabomba ya bei kubwa. Mteja mmoja atatanguliza pesa za vifaa, na jioni hiyo hiyo karo itadaiwa. Hapo ndipo mke, ambaye zamani alikuwa akisubiri tarehe 28, anakuwa mlinzi wa kweli wa mumewe. Daftari liwe moja, na walione wote wawili. Pesa za vifaa vya mteja zikae mbali na pesa za nyumba, kwa maana si zao mpaka kazi ifanyike. Fundi anayemwambia mkewe ukweli kuhusu pesa za watu atamwona vigumu kumdanganya mwenye nyumba kuhusu bomba lililofunikwa na plasta.

Na Jumapili? Bomba likipasuka na maji yakijaa nyumba ya mtu, aende. Bwana wetu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Lakini bafu jipya linaweza kungoja Jumatatu. Simu ya fundi isiwe kengele inayokatiza kila Misa na kila chakula cha jioni.

Maandiko yanatupa wenzi wawili wa kuwakumbuka katika shughuli hii: Akila na Priska. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya mfalme Klaudio, wakaanza upya Korintho kwa kazi ya mikono, kushona mahema. Mtakatifu Paulo, mwenye ufundi ule ule, alikaa kwao na kufanya kazi nao. Katika Agano Jipya hatajwi mmoja wao bila mwenzake, na mara nyingi jina la mke hutangulia. Hatusomi popote kwamba waliona haya kwa sindano zao. Tunasoma kwamba nyumbani mwao Kanisa lilikusanyika.

Mke wetu wa Langas atakapoulizwa katika Jumuiya mumewe anafanya kazi gani siku hizi, natumaini ataweza kujibu bila kushusha sauti. Hataweza kama mume angali anaifunga spana katika gazeti.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kuna jambo gani kuhusu kazi yangu ambalo sijakuambia kwa kuogopa utakavyolipokea?

2. Katika kazi ya mwenzangu, ninalinda riziki ya watoto au ninalinda jina langu kwa majirani?

3. Mshahara ukikoma leo, nyumba yetu ingeweza kukaa miezi mingapi? Tumewahi kuhesabu pamoja?

4. Ni nani nje ya nyumba hii, kama wadhamini au wazazi, atakayeumia kwa uamuzi wetu?

5. Nikikuambia "hapana," je, nimekutajia sharti? Nikikuomba jambo, je, nimekupa muda?

Kaeni chini jioni moja wiki hii, zimeni simu, mkianza kwa sala fupi na kumaliza kwa chai. Msilazimishe kumaliza yote siku moja. Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono yenu.